Hesabu ya joto la chokaa: Enthalpi hubadilika vipi mmenyuko ukigeuzwa au kuzidishwa?

CHOKAA ni kitu ambacho mkazi wa Bofu, katika eneobunge la Likoni, hukiona tangu utotoni pasipo kukishangaa. Imo katika kuta za nyumba kongwe za Pwani, imo katika rangi nyeupe ya ukutani, na imo katika tambuu inayotafunwa pamoja na popoo. Hata hivyo, ndani ya unga huo mweupe mna hesabu inayowatatiza wanafunzi wa kemia wa shule za upili: hesabu ya mabadiliko ya enthalpi, hasa pale mtahiniwa anapotakiwa kuugeuza mmenyuko au kuuzidisha kwa namba fulani.

Kanuni zinazohitajika ni mbili tu. Ya kwanza ni kwamba mmenyuko ukigeuzwa, alama ya enthalpi nayo hugeuka: chanya huwa hasi, na hasi huwa chanya. Ya pili ni kwamba mlinganyo ukizidishwa au ukigawanywa kwa namba yoyote, enthalpi nayo huzidishwa au hugawanywa kwa namba iyo hiyo.

Makala haya yanaeleza kwa nini kanuni hizo ni za kweli, namna zinavyotumika, na kwa nini anayezipuuza aweza kupata hasara, au hata kudhurika.

Enthalpi ni nini?

Kila dutu ina akiba ya nishati ndani yake. Dutu zinapomenyuka na kuwa dutu nyingine, akiba hiyo hupanda au hushuka. Ikishuka, ziada hutoka nje kama joto. Ikipanda, joto hulazimika kuingia kutoka nje. Kiasi cha joto kinachoingia au kutoka, iwapo kanieneo haibadiliki, ndicho kinachoitwa mabadiliko ya enthalpi, na alama yake ni ΔH.

Kipimo chake ni kilojuli, neno lililotokana na jina la Mwingereza James Prescott Joule (1818–1889), aliyeonyesha kwamba joto ni aina ya nishati. ΔH ikiwa hasi, mmenyuko unatoa joto. Ikiwa chanya, mmenyuko unafyonza joto.

Jambo moja ni sharti likumbukwe: ΔH huandikwa kwa ajili ya mlinganyo kama ulivyo, kwa idadi ya moli zilizotajwa humo. Moli moja ya kalsiamu kaboneti, ambayo ndiyo dutu kuu katika mawe ya matumbawe, ina uzito wa gramu 100. Moli moja ya kalsiamu oksaidi ina gramu 56, ya kaboni dayoksaidi gramu 44, ya maji gramu 18, na ya kalsiamu hidroksaidi gramu 74. Kwa namba hizi chache hesabu yote ya chokaa yaweza kufanywa.

Safari ya jiwe la matumbawe

Tangu kale, wajenzi wa Pwani walipata chokaa kwa kupanga magogo, kuweka mawe ya matumbawe juu yake, na kuyachoma. Tanuu hizo ndizo zilizotoa chokaa iliyounganisha kuta za miji ya Waswahili, ikiwemo Gede ambayo leo ni magofu. Mreno alipoanza kujenga Fort Jesus katika kisiwa cha Mombasa mwaka wa 1593, naye alitumia mawe ya matumbawe na chokaa. Ngome hiyo iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2011.

Kikemia, safari ya jiwe hilo ina hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kuchoma. Jiwe likifikia joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, huvunjika na kuacha chokaa isiyozimwa, huku kaboni dayoksaidi ikipaa hewani:

CaCO3 → CaO + CO2   ΔH = +178 kilojuli

Hatua ya pili ni kuzima. Chokaa hiyo ikikutana na maji, huvimba, hufoka mvuke na kutoa joto jingi:

CaO + H2O → Ca(OH)2   ΔH = −65 kilojuli

Hatua ya tatu hutokea ukutani. Chokaa iliyozimwa hufyonza polepole kaboni dayoksaidi iliyomo hewani, ikarudi kuwa kalsiamu kaboneti, yaani ikawa jiwe tena:

Ca(OH)2 + CO2 → CaCO3 + H2O   ΔH = ?

Namba zilizotolewa ni za kipimo cha kawaida cha nyuzi 25, na maji yamehesabiwa yakiwa kioevu. Je, namba ya hatua ya tatu ni ipi? Kuipima moja kwa moja katika ukuta ni taabu, kwa kuwa chokaa huchukua miezi, na penye ukuta mnene miaka, kabla ya kugeuka jiwe. Joto lake hutoka kidogo kidogo likapotelea hewani. Hakuna fundi awezaye kuutia ukuta ndani ya chombo cha kupimia joto akangoja. Hapa ndipo hesabu inaposhika nafasi ya kipimo.

Kanuni ya kwanza: Kugeuza

Mwanafunzi huambiwa kwamba mmenyuko ukigeuzwa, alama hugeuka. Mara nyingi haambiwi sababu. Sababu ni kwamba nishati haizuki wala haipotei.

Tuseme kulivunja jiwe kunahitaji kilojuli 178, kisha kulirudisha jiwe lilelile kutoka chokaa na kaboni dayoksaidi kunatoa kilojuli 200. Mtu angeweza kulivunja na kulirudisha mchana kutwa, akijipatia kilojuli 22 za bure kila mara. Tanuu yake isingehitaji kuni tena. Kwa kuwa tanuu ya namna hiyo haijapata kuwako, ni lazima joto la kurudi lilingane sawasawa na joto la kwenda. Apandaye ngazi mita 10 atateremka mita 10, si 9 wala 11, almuradi arudi pale alipoanzia.

Jambo hili lilibainishwa na Wafaransa Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace katika miaka ya 1780, walipokuwa wakipima joto kwa kuangalia kiasi cha barafu kinachoyeyuka. Kwa hiyo, tukiugeuza mmenyuko wa kuchoma tunapata:

CaO + CO2 → CaCO3   ΔH = −178 kilojuli

Na tukiugeuza mmenyuko wa kuzima tunapata:

Ca(OH)2 → CaO + H2O   ΔH = +65 kilojuli

Sasa tuijumlishe milinganyo hiyo miwili. Kalsiamu oksaidi imo upande wa kulia wa mlinganyo mmoja na upande wa kushoto wa mwingine, hivyo inafutika. Kinachosalia ni chokaa iliyozimwa na kaboni dayoksaidi upande wa kushoto, jiwe na maji upande wa kulia. Huo ndio mmenyuko wa ukutani. Enthalpi yake ni jumla ya namba mbili zile:

+65 − 178 = −113 kilojuli

Ruhusa ya kujumlisha namna hii ilitolewa na Germain Henri Hess, mwanakemia aliyezaliwa Geneva mwaka wa 1802 na kufanya kazi St. Petersburg, Urusi. Mwaka wa 1840 alitangaza kwamba joto la mmenyuko hutegemea mahali ulipoanzia na mahali ulipoishia, wala halitegemei njia iliyopitiwa.

Msomaji anayetaka kuhakikisha na aizungushe safari nzima: kuchoma, kuzima, kisha kushika ukutani. Jiwe limeondoka likiwa jiwe na limerudi likiwa jiwe, kwa hiyo jumla haina budi kuwa sifuri:

+178 − 65 − 113 = 0

Daftari limefungika. Joto lote ambalo kuni za tanuu ziliingiza ndani ya jiwe limerudishwa, sehemu yake kwa kishindo wakati wa kuzima, na sehemu kubwa zaidi kwa siri, ukutani, bila yeyote kuhisi.

Kanuni ya pili: Kuzidisha

Moli mbili za jiwe zahitaji joto maradufu ya moli moja, kama vile sufuria mbili za maji zinavyohitaji joto maradufu ya sufuria moja. Hivyo basi:

2CaCO3 → 2CaO + 2CO2   ΔH = +356 kilojuli

Na mlinganyo ukigawanywa nusu, ΔH huwa +89. Alama haibadiliki kwa sababu ya kuzidisha. Ni ukubwa wa namba tu unaobadilika.

Kanuni hii ndiyo inayomtoa mwanafunzi maabarani na kumpeleka kwenye tanuu. Chukua tani moja ya kalsiamu kaboneti, yaani gramu 1,000,000. Ukigawanya kwa 100 unapata moli 10,000. Zidisha kwa 178, utapata kilojuli 1,780,000. Hilo ndilo joto ambalo jiwe lenyewe linalidai, pasipo kuhesabu joto la kulifikisha nyuzi 900 wala linalopotea hewani.

Joto hilo litatoka wapi? Tuseme linatoka kwa makaa, na tuyachukulie makaa kuwa kaboni tupu, ambayo ikiungua kikamilifu hutoa:

C + O2 → CO2   ΔH = −393.5 kilojuli

Gawanya 1,780,000 kwa 393.5. Jibu ni moli 4,524 hivi za kaboni. Kila moli ina gramu 12, kwa hiyo zinatakiwa kilo 54 hivi. Tanuu yoyote ya kweli hutumia zaidi ya hapo, na ya wazi hutumia zaidi sana, kwa sababu sehemu kubwa ya joto hupaa na moshi. Lakini kilo 54 ndiyo sakafu: bila mbinu ya kurudisha joto la baadaye tanuuni, hakuna ustadi utakaoishusha. Anayeahidiwa tanuu ya kuchoma tani moja ya mawe kwa kilo 20 za makaa ana haki ya kukataa kabla ya kutoa shilingi.

Hesabu iyo hiyo hueleza suala la hewa. Tani moja ya jiwe hutoa kilo 440 za kaboni dayoksaidi kutoka ndani ya jiwe lenyewe, na kilo 54 za kaboni zikiungua hutoa takribani kilo 199 nyingine. Zile 440, kwa chokaa ya ukutani, hurudi jiweni kadiri ukuta unavyoshika. Zile za kuni au makaa hazirudi ukutani.

Simenti nayo ina deni la namna hiyo. Katika kiwanda cha Bamburi, upande wa Kisauni, kilichoanza uzalishaji mwaka wa 1954, malighafi kuu imekuwa mawe ya chokaa yaliyotokana na matumbawe ya kale. Tanuu za simenti hufikia nyuzi 1,450 hivi, lakini hatua ya kulivunja jiwe ni ileile ya +178 kwa kila moli.

Hatari iliyo ndani ya alama ya hasi

Tani ile moja ya jiwe ikichomwa yote, huacha kilo 560 za chokaa isiyozimwa, ambazo nazo ni moli 10,000. Zikizimwa kwa maji hutoa kilojuli 650,000.

Kwa kipimo cha fundi, kilo moja ya chokaa isiyozimwa hutoa kilojuli 1,160 hivi. Kwa hesabu tupu, joto hilo latosha kupandisha lita 3.8 za maji kutoka nyuzi 28 hadi nyuzi 100. Maji yakiwa machache kuliko hapo, sehemu yake hugeuka mvuke na kurusha chokaa nje ya chombo. Chokaa hiyo ina moto na pia ina ukali unaounguza ngozi na kupofusha macho.

Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu huitia chokaa ndani ya maji mengi kidogo kidogo, wala hawamimini maji machache juu ya rundo la chokaa. Macho yakingwe kwa miwani. Iwapo chokaa itaingia jichoni, jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi safi yanayotiririka, na mgonjwa apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kanuni zote mbili pamoja: Jiko la makaa

Mfano wa pili hautoki mbali na mlango wa nyumba. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hayaishii kuwa kaboni dayoksaidi. Hutoa pia kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Joto la kutengenezwa kwake haliwezi kupimwa moja kwa moja kwa usahihi, kwa sababu makaa yakiungua hutoa gesi zote mbili kwa pamoja. Yanayopimika ni haya:

(a) C + O2 → CO2   ΔH = −393.5
(b) 2CO + O2 → 2CO2   ΔH = −566

Tunachokitaka ni C + ½O2 → CO.

Kwanza, zidisha (a) kwa 2, upate −787. Pili, geuza (b), upate +566. Jumlisha: kaboni dayoksaidi mbili zinafutika, oksijeni moja inafutika, na kinachobaki ni:

2C + O2 → 2CO   ΔH = −221

Tatu, gawanya kwa 2: ΔH = −110.5 kilojuli kwa moli moja.

Linganisha sasa −110.5 na −393.5. Kaboni inayoishia kuwa kaboni monoksaidi imetoa zaidi kidogo ya robo ya joto ambalo ingelitoa kama ingepata hewa ya kutosha. Anayefunga milango na madirisha ili jiko limpe joto zaidi ananunua robo ya joto kwa bei ileile ya makaa, na juu yake anapokea sumu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na imeua watu wengi usingizini. Iwe Bofu, Mtongwe au kwingineko, jiko la makaa ni la kuwekwa mahali penye hewa, wala halilali ndani na watu.

Makosa ya kujihadhari nayo

Kosa la kwanza ni kugeuza mlinganyo na kuisahau alama. Katika hesabu ya ukutani, aliyesahau kugeuza alama zote mbili angepata +113 badala ya −113, akahitimisha kwamba ukuta huhitaji kupashwa joto ili ushike. Jibu la namna hiyo linakanushwa na kila nyumba ya kale ya Pwani.

Kosa la pili ni kuzidisha dutu moja na kuacha nyingine. Mlinganyo huzidishwa wote, kushoto na kulia, pamoja na ΔH yake.

Kosa la tatu ni kupuuza hali ya dutu. Moli moja ya maji kioevu na moli moja ya mvuke hupishana kwa kilojuli 44. Chokaa ikizimwa kwa mvuke badala ya maji, ΔH huwa −109, si −65. Kabla ya kufuta dutu katika pande mbili, mwanafunzi ahakikishe kwamba hali yake ni moja.

Kosa la nne ni kuzipeleka kanuni hizi mahali pasipo pake. Kiwango cha msawazo, kwa mfano, hakigeuzwi alama. Mmenyuko ukigeuzwa, 1 hugawanywa kwa kiwango hicho, na mlinganyo ukizidishwa kwa 2, kiwango hupigwa kipeo cha pili. Aidha, kugeuza mlinganyo karatasini si kusema kwamba mmenyuko utageuka wenyewe, wala haielezi utachukua muda gani. Chokaa ya ukutani ina ΔH hasi, na bado huchukua miezi.

Utaratibu wa kufuata

Mtahiniwa aliye mbele ya swali la namna hii na aanze kwa kuandika mlinganyo anaotakiwa kuufikia. Kisha aangalie kila dutu iko upande gani katika milinganyo aliyopewa. Iliyo upande usiotakiwa, ageuze mlinganyo wake na alama. Idadi ya moli isiyolingana, azidishe au agawanye. Ndipo ajumlishe, afute kinachofutika, na ahakikishe kwamba kilichosalia ni kile alichokiandika mwanzo. Kikitofautiana, hesabu haijakamilika hata kama namba inapendeza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Enthalpi ni daftari la joto. Kila kilojuli iliyoingia tanuuni huonekana mahali fulani: katika maji yanayofoka wakati wa kuzima, au katika ukuta unaoshika kimyakimya. Ajuaye kusoma alama ya kuongeza na ya kutoa katika daftari hilo atajua lini joto litamdai kuni, na lini litamrukia usoni.